Gavana Niliyemwogesha

Kabla sijaanza kulea wazee nilikuwa Jeffersontown, nje kidogo ya Louisville, kwenye yale maghala yaliyopangana kama mabehewa ya treni, nikifunga masanduku ya vipuri vya magari mpaka mgongo ukakataa. Daktari aliniambia nipumzike. Nikamjibu kwamba kupumzika siwezi, bora anitajie kazi itakayochosha sehemu nyingine ya mwili. Alicheka, ingawa mimi sikuwa natania. Mama mmoja wa kanisani kwetu, Newburg, ndiye aliyenipeleka kwenye kampuni inayotuma walezi majumbani. Nikafundishwa namna ya kumgeuza mgonjwa kitandani na namna ya kumnyanyua bila kuvunja kiuno chake wala changu, kisha nikapelekwa kwenye nyumba ya matofali mekundu upande wa mashariki wa Louisville, Kentucky.

Mlango ulifunguliwa na mwanamke wa makamo, mwalimu wa sekondari, macho yake mekundu kwa kukosa usingizi. Alinieleza kwamba baba yake alipata kiharusi, kwamba upande wa kulia umekufa ganzi lakini akili ni nzima, na kwamba nisishangae akiniuliza maswali mengi.

"Watu wanamwita Gavana," akasema. "Wewe mwite upendavyo."

Nilidhani ni jina la utani. Kwetu Kivu ya Kusini mtu mwenye kitambi anaweza kuitwa Président mpaka anazikwa, na hakuna anayeuliza aliongoza nini. Baada ya juma zima ndipo nilipoelewa kwamba mzee yule aliyekuwa akinisubiri nimvalishe soksi aliwahi kweli kutawala jimbo. Si Kentucky, na sitalitaja ni lipi. Nilimwambia binti yangu nyumbani. Akamtafuta kwenye simu yake, akanijibu kwa Kiingereza kama anavyonijibu siku zote, kwamba ni kweli, na akanionyesha picha: kijana mrefu mwenye nywele nyeusi, mkono umeinuliwa, watu wamejaa mbele yake. Niliitazama picha ile kwa muda. Mkono ulioinuliwa ulikuwa wa kulia, ule ambao asubuhi ile nilikuwa nimeuingiza kwenye shati kidole kwa kidole.

Kwetu, gouverneur akipita barabarani unamjua kwanza kwa king'ora, halafu kwa askari, halafu kwa vumbi. Uso wake huuoni. Mimi niliuona uso wa gavana kabla ya yote, tena ukiwa na sabuni. Nilianza kumwita Papa Gavana. Aliniuliza maana yake, nikamwambia kwamba kwetu mtu wa umri wake haitwi cheo kitupu, lazima awe baba wa mtu. Akasema ni sawa. Tangu siku hiyo naye akaniita Mama, akilitamka kwa taabu na ulimi wake mzito, na binti yake alipokuwa akitusikia jikoni alikuwa akitabasamu peke yake.

Maisha yake niliyapata kwa vipande, asubuhi, wakati wa kumnyoa ndevu. Alikuwa akisema sentensi moja, ananyamaza nipitishe wembe, kisha anaendelea. Hakuwa akijisifu. Alisimulia kama mtu anayehesabu vyombo baada ya wageni kuondoka.

Alizaliwa kwenye mji mdogo uliokuwa ukiishi kwa kutegemea jengo moja. Lilikuwa juu ya kilima, refu, la mawe, na watu waliliita Shule. Hakuna aliyefundishwa kitu mle. Serikali ilikuwa ikiwaweka humo watu waliozaliwa na ulemavu wa akili, watoto na wakubwa, mamia yao, na wengi waliingia wakiwa wadogo na wakatoka ndani ya jeneza. Mwoka mikate aliioka kwa ajili ya Shule. Muuza makaa aliiuzia Shule. Mama yake alifua mashuka ya Shule. Baba yake alikufa mapema, wakabaki wavulana wawili.

"Ndugu yako ni mkubwa au mdogo?" nilimuuliza, maana Kiingereza kinakubali kusema ndugu tu na kuishia hapo, na mimi masikio yangu hayatulii bila kujua nani alimtangulia nani.

"Mkubwa," akasema. "Alianza kazi Shule akiwa bado hajaota ndevu. Mshahara wake ndio ulionisomesha sheria."

Kaka mkubwa alikuwa mhudumu wa wodi ya wanaume. Aliwalisha, aliwaogesha, aliwabadilisha nguo. Mdogo akawa mwanasheria, akawa mwendesha mashtaka, akaingia bunge la jimbo. Watu walimpenda kwa sababu alizungumza kwa sauti ya chini na alikuwa akitimiza alichokisema. Alipogombea ugavana, kaka yake alizunguka na gari lake siku za mapumziko akibandika picha zake kwenye miti. Akashinda.

Mwaka wake wa kwanza aliingia Shule bila kutoa taarifa, akiwa na waandishi wa habari. Aliyoyaona hakupenda kunisimulia. Aliniambia tu kuhusu harufu, na kuhusu vitanda vilivyobanana hivi kwamba mtu alitambaa juu ya mwenzake ili kufika chooni. Alitoka nje, akasimama kwenye ngazi za mbele, na mbele ya kamera akasema sentensi ambayo baadaye iliandikwa kila mahali. Alisema kwamba ndani ya nyumba hii kuna kila kitu isipokuwa upendo. Kisha akatangaza kwamba ataifunga.

Na aliifunga kweli. Ilimchukua muhula wake wote. Chama chake kilimpinga, chama cha pili kilimpinga, vyama vya wafanyakazi vilimpinga. Sheria yake ilikuwa na sehemu mbili. Ya kwanza iliwatoa watu wale kwenye kilima na kuwarudisha kwa familia zao, au kwenye nyumba ndogo za watu watatu au wanne katika mitaa ya kawaida. Ya pili ilikuwa ya watu wa kuwatunza huko: wafundishwe vizuri, walipwe vizuri, wawe na likizo kama wafanyakazi wengine wa serikali. Bunge lilipitisha ya kwanza na kuikata ya pili. Aliweka saini hata hivyo. Alifikiri ataipata ile nusu nyingine katika muhula wa pili.

Muhula wa pili haukuja. Mji wake wa kuzaliwa ulikuwa umekosa kazi, maduka yanafungwa, na kura za pale zilikuwa mbaya kuliko za mahali pengine popote. Alirudi kwenye uwakili, akafundisha chuoni, akamzika mke wake, na mwisho akahamia Louisville kwa binti yake akiwa na masanduku machache na viatu vingi ambavyo hakuweza tena kuvifunga.

Siku moja nilipokuwa namkausha miguu aliniuliza kama kazi yangu ni nzuri. Nilifikiria kumpa jibu tunalowapa wateja, lile la kutabasamu. Lakini nilikuwa nimetoka kwa mama mwingine alfajiri, na baada yake nilikuwa na mzee mwingine Newburg, na magoti yalikuwa yananiuma.

"Inachosha, Papa," nikasema. "Watu si wabaya. Ila inachosha, na hakuna anayeiona."

Aliitikia kwa kichwa polepole. Akasema kwamba sheria yake ndiyo iliyozaa kazi kama yangu, na kwamba mimi ndiye ile nusu waliyoikata.  Nilimvalisha viatu, nikampeleka dirishani.

Ilipofika mwezi wa kumi alialikwa Columbus. Chama cha wazazi wenye watoto walemavu kilikuwa na mkutano wake huko, watu wa majimbo mengi, na walitaka kumpa heshima. Binti yake hakutaka. Alikuwa amechoka, na baba alikuwa amechoka kuliko yeye. Mzee akasema ataenda. Kwa hiyo kampuni yangu ikaombwa ruhusa, nikaacha sufuria ya maharage kwa binti yangu, na tukapanda gari watu watatu, kiti chake cha magurudumu kimekunjwa nyuma.

Barabara ya Louisville hadi Columbus si ndefu kwa mtu mzima wa afya. Kwetu sisi watatu ilikuwa ndefu. Kila mara tulisimama nimgeuze, nimnyooshe mguu, nimsaidie chooni kwenye vituo vya mafuta ambako watu wanapita wakitazama pembeni kwa adabu. Binti yake aliendesha bila kuwasha redio. Alikuwa akimpenda baba yake, nina hakika, lakini mtu akilea kwa muda mrefu, upendo unakuwa kama jiko lililofunikwa majivu. Moto upo, joto hulisikii.

Ukumbi ulikuwa ndani ya hoteli, wenye zulia linalomeza sauti ya viatu. Wote walisimama kwa heshima alipoingia. Niliona mgongo wake ukijaribu kunyooka. Wazungumzaji walikuwa wengi na mimi nilikuwa nasinzia, naona haya kusema. Aliyenizindua ni mwanamume mfupi mwenye mvi, koti lake limembana. Alisema aliingizwa Shule akiwa mtoto na akatoka akiwa kijana, siku walipoifunga. Hakuwa na karatasi. Aliingiza mkono mfukoni, akatoa ufunguo, akauinua.

"Huu ni wa mlango wangu," akasema. "Nikitaka nafunga. Nikitaka nafungua."

Akakaa. Watu walikuwa wakilia. Papa Gavana alikuwa akimtazama yule mtu bila kupepesa, na mkono wake wa kushoto umeshika kiti kwa nguvu.

Kama ingeishia pale, tungerudi nyumbani. Lakini mwenyekiti wa mkutano alikuja na kibao cha mbao chenye bamba la shaba, na akasoma kwa sauti kubwa kile kilichochongwa juu yake. Ilikuwa ile sentensi ya kwenye ngazi. Ukumbi wote ukapiga makofi, wengine waliisema pamoja naye kwa moyo, kama watu wanavyosema sala. Akakiweka kibao mapajani pa mzee. Mzee alishukuru kwa maneno machache. Tulipotoka kwenye jukwaa nikaona amekigeuza, maandishi yametazama chini.

Chumbani nilimvua koti. Binti yake alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda, viatu mkononi.

"Nataka kwenda Buffalo," mzee akasema.

Binti hakuuliza kuna nini Buffalo. Alijua. Mimi ndiye niliyekuwa sijui, mpaka aliponieleza baadaye kwenye korido: kwamba baba yake mkubwa alipoteza kazi Shule ilipofungwa, akaondoka na mke wake kwenda kaskazini, akapata kazi kiwanda cha injini pale Tonawanda, karibu na Buffalo, na tangu hapo hakuwahi kuzungumza na mdogo wake. Yeye binti alikuwa akipata kadi ya Krismasi kila mwaka. Baba hakupata.

"Baba, tumechoka," alimwambia.

"Ndiyo," mzee akasema. "Sisi sote."

Asubuhi binti alipiga simu. Nilimsikia akiongea kwa uangalifu, kama mtu anayebeba maziwa. Alipokata nilimuuliza, yule baba yake mkubwa wa Tonawanda amesema nini. Amesema barabara ni ya kila mtu, alinijibu.

Tukaenda kaskazini hadi tulipofika kwenye ziwa kubwa, halafu tukalifuata upande wa mashariki. Sehemu moja kulikuwa na mashamba ya zabibu pande zote, wakati wa mavuno, na harufu yake iliingia garini hata madirisha yalipokuwa yamefungwa. Papa Gavana aliomba dirisha lifunguliwe. Alikaa na upepo usoni, macho yamefumbwa, na sikuweza kujua kama amelala au anajipanga.

Nyumba ya kaka yake ilikuwa ndogo, rangi ya kijivu, kwenye mtaa ambao mwisho wake unaonekana bomba la moshi la kiwanda. Mlangoni kulikuwa na ngazi tatu za saruji na hakuna njia ya kiti cha magurudumu. Nilisimama nikizipima kwa macho. Binti alianza kusema labda tuombe msaada kwa jirani. Ndipo mlango ukafunguka, akatoka mzee mwembamba kuliko mdogo wake, amevaa sweta lililotoboka kiwiko. Hakusalimia. Alishuka, akazunguka nyuma ya kiti, akaingiza mikono yake chini ya makwapa ya mdogo wake, akafunga vidole kifuani pake, na akanitazama mimi.

"Magoti," akaniambia. "Nikisema sasa."

Nikashika magoti. Akasema sasa. Tukampandisha ngazi zote kwa mara moja, mzee wa miaka ile na mimi, laini kabisa, na tukamkalisha kwenye kiti chenye mikono sebuleni. Hakuwa anahema hata kidogo. Niliona kwamba mikono yake ilikuwa imebaki kazini muda wote huo.

Alileta kahawa. Binti alisifu picha za ukutani.  Nilitaka kwenda nje, lakini Papa Gavana alihitaji kikombe chake kishikwe, kwa hiyo nilikaa, na ndiyo maana nayajua yaliyosemwa.

Alianza mdogo. Alisema kwamba huko Columbus walimsomea ile sentensi.

"Najua ni ipi," kaka akasema.

Halafu akazungumza muda mrefu, bila kupandisha sauti. Alisema kwamba hakukasirika kwa kufungwa kwa Shule. Ilistahili kufungwa, yeye mwenyewe aliona mambo mle ambayo hakuwahi kumwambia hata mkewe. Alisema kazi ya kiwandani ilikuwa na malipo bora. Si hilo. Alikuwa kwenye chumba cha wahudumu siku ile, redio imewashwa, wenzake wote wapo, na wote walijua aliyekuwa akizungumza ni nani kwake. Kulikuwa na mwanamume mmoja wodini asiyeweza kumeza vizuri. Alimlisha mwenyewe kijiko kwa kijiko kwa miaka, kwa sababu wengine walikuwa na haraka na yule angepaliwa. Alikuwa ndiyo kwanza ametoka kumlisha. Mkono wake ulikuwa bado na uji.

"Ulisema hakuna upendo mle," akasema. "Mimi nilikuwa mle."

 Uso wa Papa Gavana nusu ulikuwa hausogei siku zote, na sasa nusu ya pili nayo ilitulia.

"Nilijua uko mle," akasema hatimaye. "Nilikufikiria nikiwa kwenye ngazi. Nikaisema hivyo hivyo, kwa sababu ilisikika vizuri."

Nilidhani kaka atasimama. Binti pia alidhani, maana alishika mkoba wake. Lakini yule kaka aliitikia kwa kichwa mara kadhaa, kama fundi aliyeambiwa hatimaye gari lina tatizo gani. Akasema kwamba alikuwa akisubiri aambiwe kuwa mdogo wake alisahau, au hakumaanisha. Hilo asingeweza kulikubali. Hili lingine atalifikiria.

Hakusema amesamehe. Mimi ni mtu wa kanisa, na kanisani kwetu kwenye msamaha watu hulia na kukumbatiana na mtu anaanzisha wimbo. Pale mzee alichukua vikombe, akavipeleka jikoni, akarudi akiniuliza kama mimi ni wa Kongo. Nikamwambia ndiyo. Akasema kiwandani kwao, kabla hajastaafu, walikuwa wameanza kuja watu wa Kongo, wafanyakazi wazuri, wanaimba. Nikamwambia mdogo wangu wa kike yuko kwenye kiwanda kimojawapo papo hapo Tonawanda, na kwamba sijamwona tangu alipotangulia kupata ndege kutoka kambi ya wakimbizi Burundi.

"Basi nenda kamwone," akasema. "Huyu niachie mimi. Najua kumhudumia mtu."

Nilimtazama binti, na binti akamtazama baba yake. Papa Gavana akaniambia, "Nenda, Mama."

Mdogo wangu alikuwa ametoka zamu ya asubuhi. Alinikumbatia mlangoni, tukalia kidogo, tukaacha. Alikuwa amenenepa usoni na mikono yake ina makovu madogo ya joto la mashine.

"Yaya, umekonda," akasema, akiniita dada mkubwa kama zamani.

"Ni kazi tu. Na wewe je?"

"Bon, huku tunachokaka mpaka ku mifupa. Ikala." Akanionyesha kochi, nikakaa.

Akapika ugali na sombe, majani ya muhogo yaliyotwangwa, na samaki wadogo waliokaushwa. Kwa miaka mingi nilikuwa nimepanga maneno nitakayomwambia siku tutakayoonana: kuhusu kaburi la mama yetu kule milimani, kuhusu ng'ombe, kuhusu mume wangu ambaye hakufika Burundi. Tulikula. Akaniuliza watoto wanasoma vipi, nikamjibu. Nikamuuliza theluji ikoje, akanijibu. Kisha akaegemeza kichwa kwenye kochi, nami nikaegemeza changu begani kwake, na nilipofungua macho dirisha lilikuwa limebadilika rangi na wote wawili tulikuwa tumelala na harufu ya samaki vidoleni. Ule muda tuliousubiri kwa miaka tuliutumia kulala. Nilitaka kusikitika, lakini ulikuwa usingizi mzuri kuliko wote niliowahi kulala Marekani, na yeye alisema vivyo hivyo.

"Tutaongea ku simu," akasema akinisindikiza. Na tunaongea.

Niliporudi, ndugu wawili walikuwa wanatazama mchezo wa besiboli, sauti ya televisheni iko chini.  Binti alikuwa amelala chumbani na koti lake. Papa Gavana alikuwa amebadilishwa shati, amechanwa nywele, na kucha zake zilikuwa zimekatwa, hata za mkono wa kulia uliokunjamana, ambazo mimi huwa zinanishinda. Kibao cha Columbus sikukiona popote. Sikuuliza.

Tulirudi Louisville kwa njia ile ile. Baada ya hapo simu ilikuwa ikilia kila Jumapili, nami nikiwa zamu nilimshikia mzee sikioni. Walizungumza kuhusu hali ya hewa na timu za besiboli, na kaka yake alimuuliza kama anakula, kama anameza vizuri. Kuhusu Shule hawakuzungumza tena, angalau mbele yangu. Wakati mwingine walikaa kimya kila mmoja upande wake, na mimi mkono unaniuma kwa kushikilia simu, nisijue kama wamekata au la.

Alikufa mwezi wa pili, asubuhi, baada ya kuoga. Nilikuwa nimemfunga kifungo cha juu cha pajama nikageuka kuchukua kitana. Niliporudi alikuwa amekwenda. Nilimwita binti yake, halafu nikamchana nywele hata hivyo, kwa sababu watu wangekuja.

Walimfanyia mazishi ya heshima kule jimboni kwake, kwenye kanisa kubwa la mawe. Kulikuwa na bendera, na gavana wa sasa alizungumza, na maafisa waliovaa makoti meusi walijaza viti vya mbele. Binti alinikalisha pamoja na familia. Magazeti, alivyonisomea binti yangu baadaye, yalisema kwamba alikuwa mtu aliyefanya mageuzi makubwa na akalipia kwa kazi yake. Mengine yalisema aliharibu miji midogo. Nusu ile ya sheria iliyokatwa haikutajwa na mtu yeyote pale kanisani. Nilikuwa nimekaa nikiisubiri.

Kaka yake alikuja kwa basi kutoka Buffalo, peke yake, na sweta jipya. Wakati wa chakula, watu wakiwa wamesimama na sahani mkononi, alinitafuta mpaka akanipata karibu na mlango wa jikoni.

"Wewe ndiye uliyemwogesha siku ile?" akaniuliza.

"Ndiyo, Papa."

"Maji yalikuwa ya moto?"

"Yalikuwa ya moto. Nilipima kwa kiwiko. Na alikuwa anazungumza, alisema yanamfaa."

 Akaniambia asante, akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili, na akaenda kukaa karibu na binti wa mdogo wake.

Kampuni ilinipa siku ya kupumzika, kisha ikanipa mteja mwingine. Ni mama wa Jeffersontown, si mbali na ghala langu la zamani, aliyekuwa dereva wa basi la shule. Hapendi kuguswa asubuhi. Huwa nafika, naweka mkoba, nachemsha maji ya chai, na nakaa jikoni bila kuvua koti mpaka aniite.